Chakula cha Fundi Safarini na Stakabadhi Isiyokuwapo



Mwezi huu tumeletewa barua kutoka Ujiji, nayo imeandikwa kwa mwandiko mzuri hata mara ya kwanza tuliitazama tu kabla hatujaisoma. Aliyeiandika ni mke wa fundi wa kuezeka mapaa. Jina lake hatulitaji, wala la mume wake, kwa kuwa mwenyewe ametuomba hivyo, na mambo ya nyumba za watu yataka sitara. Lakini swali lake tumeliona ni la nyumba nyingi, kwa hiyo twalijibu hapa mbele ya wote, na safari hii tumeyaacha maswali mengine yangoje.

Habari yenyewe ni hii. Mume wake ni fundi mwenye kujitegemea. Hana tajiri wa kumlipa mshahara kila mwisho wa mwezi, bali huchukua kazi kwa mapatano, leo Mwanga, kesho Gungu, keshokutwa Ilagala au Uvinza. Kamati moja ya Waislamu iliyokusanya sadaka kwa ajili ya madrasa ya kijiji cha mwambao, upande wa kaskazini kupita Gombe, ilimwita aende akaezeke upya paa lililong'olewa na upepo. Walipatana ujira wa kazi nzima. Juu ya safari, mwenyekiti alimwambia barazani baada ya sala ya Alasiri kwamba nauli na chakula ni juu ya kamati. Hakuna aliyeuliza chakula gani, wala kiasi gani, wala cha watu wangapi. Wakapeana mikono, fundi akaenda Kibirizi pamoja na kijana wake wa kumsaidia, wakapanda boti.

Kazi ilichukua siku tisa. Siku ya kumi upepo wa kiangazi utokao kusini ukalichafua ziwa, boti hazikutoka, wakakaa siku mbili zaidi wakingoja. Siku zote hizo walikula kwa mama ntilie aliyetandaza meko yake karibu na mahali boti zinapopakia: asubuhi chai na chapati, mchana na usiku ugali wa muhogo kwa dagaa, na siku ya bahati migebuka iliyoungwa kwa mawese. Aliporudi Ujiji, fundi alipiga hesabu. Asubuhi shilingi 1,500, mchana 3,000, usiku 3,000, jumla 7,500 kwa mtu mmoja kwa siku. Watu wawili, 15,000. Siku kumi na moja, shilingi 165,000. Nauli ililipwa bila neno, kwa kuwa nahodha alikuwa amemwandikia karatasi. Lakini juu ya chakula mweka hazina wa kamati alisema: nipe stakabadhi. Fundi akasema: nitaitoa wapi? Mweka hazina akasema: fedha hizi ni za watu, nitaulizwa.

Hapo ndipo akatokea mwenye duka mmoja, rafiki wa fundi, akampa stakabadhi tupu iliyopigwa muhuri wa duka lake, akamwambia ajaze mchele, sukari na mafuta ya kupikia. Tena akamshauri asiandike 165,000 bali 200,000, ili apate na kifuta jasho cha zile siku mbili za kungoja. Fundi alikataa shauri la pili, wala hakulikataa la kwanza. Akaenda nalo nyumbani, na kwa kuwa mke wake ndiye mwenye mwandiko mzuri, akamtaka yeye ajaze.

Dada yetu hakujaza. Ameiweka stakabadhi ile ndani ya msahafu, ambayo si mahali pake, twamwambia kwa upole, kisha akatuandikia. Atuuliza: ikiwa fedha zimetumika kweli, na kiasi ni kile kile, je, karatasi hii ina ubaya gani? Nami nikikataa kuandika, namwasi mume wangu? Na fedha hizo zikiingia nyumbani, niwapikie watoto?

Kabla ya kumjibu, twataka kuondoa fikira moja ambayo tumeiona kwa watu wa pande zote mbili, wa kamati na wa mafundi. Wako wanaodhani kwamba fedha isiyo na karatasi ni fedha ya wizi, na wako wanaodhani kwamba fedha yenye karatasi imekwisha kutakasika. Yote mawili si kweli. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, Mwenyezi Mungu ameamuru deni la muda liandikwe, dogo au kubwa, na mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Lakini katika aya hiyo hiyo ametoa nje biashara ya mkono kwa mkono, akasema hapana dhambi tusipoiandika. Sahani ya ugali inayoliwa hapo hapo na kulipwa hapo hapo ni biashara ya namna hiyo. Yule mama wa kando ya ziwa hakukosa kitu kwa kutokuwa na kitabu cha stakabadhi, na fundi hakukosa kwa kula kwake.

Aya inayofuata, ya 283, imezidi kulikaribia jambo letu, maana inasema habari ya mtu aliye safarini na hakupata mwandishi. Hapo yametajwa rehani zilizokabidhiwa, kisha yakatajwa maaminiano: watu wakiaminiana, basi aliyeaminiwa na aitekeleze amana yake na amche Mola wake, wala watu wasifiche ushahidi. Tazama mpango huo. Pasipo kalamu, mzigo hauondoki. Wahama kutoka karatasini na kukaa moyoni mwa aliyeaminiwa.

Sasa turudi kwenye ile stakabadhi tupu. Dada yetu auliza ubaya wake, hali kiasi ni cha kweli. Twajibu kwamba stakabadhi si fedha. Stakabadhi ni ushahidi. Ni mwenye duka anayesema: siku fulani, mtu huyu alinunua kwangu kitu hiki kwa bei hii. Siku hiyo fundi alikuwa ng'ambo ya mawimbi, wala hakununua kwake hata kibiriti. Basi hapo pana shahidi asiyeona, na jambo lisilotokea, na mweka hazina atakayeliamini. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alipokuwa akiwahesabia masahaba madhambi makubwa kupita yote alikuwa ameegemea, na alipofika kwenye ushahidi wa uongo akaketi wima, akalirudia neno hilo mara nyingi hata masahaba wakatamani angenyamaza. Hakutofautisha kati ya uongo wa kumpatia mtu haki yake na uongo wa kumpokonya. Mwenye haki akiitetea haki yake kwa shahidi wa uongo, haki ni yake, lakini shahidi amebaki wa uongo, na aliyemleta ameshiriki.

Kwa hiyo, dada yetu, hukumwasi mume wako kwa kukataa. Kumtii mume ni wajibu katika mema, na kiumbe hatiiwi katika kumwasi Muumba. Lakini pia hukuambiwa uende barazani kumsema, wala ununiane naye siku tatu. Mume wako ni mtu aliyekataa shauri la kuongeza shilingi 35,000 ambazo angezipata kwa harakati moja ya kalamu. Mtu wa namna hiyo huzungumzwa naye, tena huzungumzwa naye baada ya kula.

Na sasa twaja kwenye jambo ambalo dada yetu amelitaja katika barua yake kwa kulipita tu, nasi hatukuweza kulipita. Amesema, katika kuwasifu wenyeji wa kijiji, kwamba usiku wa Ijumaa ya kwanza na usiku wa mwisho kabla ya kusafiri, fundi na kijana wake walialikwa nyumbani kwa imamu wa hapo wakalishwa vizuri. Basi chakula cha nyakati mbili hizo hawakukinunua. Watu wawili, nyakati mbili, kwa shilingi 3,000, ni shilingi 12,000. Lakini katika hesabu ya 165,000 nyakati zile zimo, kwa sababu fundi alichukua siku kumi na moja akazizidisha kwa 15,000, akafunga daftari. Hatusemi kwamba alikusudia kuiba. Twasema kwamba hivi ndivyo makisio yanavyofanya: huhesabu siku, wala hayahesabu sahani. Ile hesabu ambayo mume na mke wote wawili waliiona kuwa ni kweli tupu iliyokosa karatasi tu, haikuwa kweli. Kweli yake ni 153,000.

Pengine msomaji atasema: mkarimu yule alimkirimu fundi, hakuikirimu kamati; kwa nini faida ya ukarimu iende kwa kamati? Jibu lake linategemea mapatano yao yalikuwa ya namna gani, na hapa yafaa tukae kidogo.

Kuna mtu anayeambiwa: nitakurudishia ulichotumia. Huyu hana haki ila ya kile kilichotoka mfukoni mwake; kisichotoka hakirudishwi. Na kuna mtu anayeambiwa: kila siku ya safari utapata shilingi kadha za chakula. Huyu amepewa posho. Akila kwa nusu yake, nusu ni yake. Akialikwa karamu, yote ni yake. Akitaka nyama ya mbuzi kila usiku, kilichozidi ni juu yake mwenyewe. Hatakiwi stakabadhi, wala hana haja ya kuapa. Watu wengi huingia katika mapatano ya kwanza kisha wakahesabu kama waliomo katika ya pili. Fedha za haramu zinazoingia majumbani mwetu kwa njia hii, twaona, nyingi hazikuletwa na wezi bali na watu waliochanganya mambo haya mawili.

Wanazuoni wa kale walilijua jambo hili vizuri, kwa kuwa wafanya biashara wa zama zao nao walisafiri na mali za watu. Imamu Malik katika kitabu chake cha Al-Muwatta ameweka mlango mzima juu ya masurufu ya mtu aliyechukua mtaji wa mwenzake kwenda kuufanyia biashara. Kwake yeye, mtaji ukiwa mwingi wa kustahimili, msafiri huyo ale na avae kutokana nao kwa kiasi cha mfano wake, bila israfu. Akiwa mjini kwake, ale mali yake. Wahanafi nao wameruhusu chakula na kipando cha safarini. Lakini katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu walio wengi wa pwani na bara hata kufika Ujiji, kauli iliyo wazi zaidi, kama alivyoiandika Imamu Nawawi katika Minhaj, ni kwamba hali kutokana na mtaji, si mjini wala safarini. Sababu yao ni nzuri: amekwisha pewa fungu lake katika faida, basi akila tena katika mtaji amekula mara mbili, na mwenye mali hajui ni kiasi gani.

Tena katika bab ya ijara wanazuoni wa madhehebu hiyo wamekataa kumwajiri mtu kwa ujira wa chakula chake kisichopimwa, kwa kuwa ujira lazima ujulikane. Malik ameliruhusu jambo hilo kwa kufuata desturi ya watu. Sisi hatuko hapa kuamua kati ya maimamu. Tunalosema ni kwamba lile neno la barazani, la kuwa chakula ni juu yetu, ndilo neno hasa walilolihofia Mashafii. Kila mmoja aliondoka nalo na picha yake kichwani. Mwenyekiti aliona sahani moja ya mchana. Fundi aliona milo mitatu ya watu wawili. Wote wawili ni wakweli, na kutokana na ukweli wao huo umezuka ugomvi.

Ajabu yake ni kwamba mji wa Ujiji wenyewe ulikwisha jua dawa ya jambo hili kabla ya kuwapo karatasi za muhuri. Burton na Speke walipofika hapo mwezi wa Februari 1858, walifuata njia ambayo misafara ya Waarabu na Waswahili ilikuwa ikiipita tangu zamani. Mpagazi wa misafara ile hakula kisha akadai. Alikuwa na ujira wake, na mbali na ujira alikuwa na posho yake iliyojulikana: kibaba cha nafaka kwa siku, au nguo na shanga za kununulia chakula njiani. Na sokoni Ujiji, ambako zilitumika shanga ziitwazo sofi kama sarafu, alikwenda akanunua alichotaka. Hakuna aliyemuuliza alikula nini. Kubwa lilikuwa kwamba kipimo kilitamkwa kabla ya kuanza safari, na kila mtu wa msafara alikijua. Misafara ile ilikuwa na maovu yake makubwa, nasi hatuyasahau. Lakini kipimo cha posho kilikuwa jambo la busara.

Tukirudi kwa kamati: mweka hazina amekosea kudai stakabadhi? Twasema hakukosea kuuliza. Mali aliyoishika ni sadaka ya watu, nayo yafanana na mali ya yatima. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alijifananisha, katika mali ya Waislamu, na mlinzi wa yatima: akitosheka hujizuia, akihitaji hula kwa wema. Alikuwa ameichukua hukumu hiyo katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 6, ambayo mwisho wake inaamuru kuweka mashahidi wakati wa kukabidhi mali. Basi ndani ya aya moja umo ulaji wa kiasi, na umo ushahidi. Mweka hazina anayetaka ushahidi anafanya wajibu wake, na wale wanaomwita bahili kwa hilo wanamdhulumu.

Lakini amekosea katika jambo jingine, nalo si dogo: ameufanya ushahidi kuwa ni wa namna moja tu. Anajua kijiji kile hakina duka lenye mashine ya stakabadhi. Anajua kwamba fundi na kijana wake walikuwako siku kumi na moja, kwa kuwa paa limeezekwa na nahodha ameshuhudia siku ya kwenda na ya kurudi. Anajua mtu haishi siku kumi na moja bila kula. Kumwambia fundi alete kitu ambacho yeye mwenyewe anajua hakipatikani ni kumsukuma mtu mwaminifu kwenye duka la rafiki yake. Na tuseme wazi, kamati nyingi hupenda hivyo: faili lijae karatasi, hata zikiwa za uongo, kuliko kuketi na mtu na kumsikiliza.

Kwa upande wa sheria yetu, neno la aliyeaminiwa hukubaliwa pamoja na kiapo chake katika matumizi yanayoingia akilini na yanayolingana na desturi. Lakini hapa fundi wetu ana udhaifu mmoja ambao lazima aujue. Kama angalikuwa amekabidhiwa fedha za chakula mkononi kabla ya safari, angalikuwa mwaminiwa wa fedha hizo, na neno lake lingekuwa na nguvu. Yeye alitumia zake, kisha amekuja kudai. Amekuwa mdai, na Mtume (s.a.w.) ameuweka ushahidi juu ya mdai na kiapo juu ya mwenye kukana. Ndiyo maana twawaambia mafundi wote watusomao, wa Kigoma na wa penginepo: chukua masurufu mkononi kabla ya kupanda boti, na urudishe kilichobaki, au patana posho ya siku. Usiende kwa fedha yako kisha ukarudi kuomba.

Na asiyeweza kuyapata yote mawili, basi awe na daftari la senti chache. Usiku ule ule, kabla ya kulala, aandike: siku, mahali, nani aliyemuuzia, walikula wangapi, kiasi gani, na alipoalikwa, aandike kwamba alialikwa. Huo mstari wa mwisho ndio unaolifanya daftari lote liaminike. Mtu akiona kwamba umeandika hata siku ambayo hukutumia kitu, ataamini zile ulizotumia. Akiweza kumpata mama ntilie atie alama yake au atamke mbele ya kijana, bora zaidi. Daftari la mwisho wa safari, lililoandikwa kwa kalamu moja na kikao kimoja, na kila siku kiasi kile kile, halidanganyi hata mtoto wa madrasa.

Katika barua dada yetu ameongeza swali la pili, la kodi. Mume wake amesikia kwamba mtu mwenye kujitegemea aweza kupunguza gharama za kazi katika mapato yake kabla ya kutozwa, naye ataka kuandika milo yake ya safari zote za mwaka. Hili tutalijibu kwa ufupi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 yaruhusu kupunguza matumizi yaliyofanywa kwa ajili ya kupata mapato yale tu, na imekataa matumizi ya mtu juu ya nafsi yake na nyumba yake. Chakula cha tumbo lako wewe mwenyewe kiko karibu sana na upande wa kukataliwa, maana ungekula hata kama usingeezeka. Chakula unachowapa vibarua kama sehemu ya malipo ya kazi ni jambo jingine, likiwa limeandikwa. Na yule ambaye kodi yake hukadiriwa kwa mauzo tu, kwa kuwa biashara yake ni ndogo, hana nafasi ya kupunguza milo wala misumari. Kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, kama ilivyo katika Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Mashine za stakabadhi zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010 hazikufika kwenye meko ya kando ya ziwa, na kwa hiyo yale yale tuliyoyasema juu ya stakabadhi ya kubuni yanamhusu pia anayempelekea mtoza kodi. Aende akaulize ofisini kwao kabla ya kuandika, si baada.

Kuna neno tulilokuwa tumelisahau, la zile siku mbili za upepo. Baadhi yetu hapa walisema si juu ya kamati, kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha. Wengine tukasema safari haijaisha mpaka mtu afike kwake, na mapatano yalikuwa juu ya chakula cha safari, na hakuna fundi anayeamuru ziwa litulie. Tulishindana kwa muda. Mwisho tumeafikiana kwamba kwa desturi ya watu wa mwambao, ambao wote wanajua boti hungoja upepo, siku hizo zimo. Lakini kamati ikikataa, fundi asigombane nayo kwa ajili hiyo, kwa kuwa jambo lenyewe lina pande mbili.

Basi, dada yetu, twaona ifanyike hivi. Stakabadhi ile itoe msahafuni, irudishwe kwa mwenye duka ikiwa tupu kama ilivyokuja, na mumeo amshukuru kwa nia yake wala asimtangaze. Kisha keti naye, na kijana awepo, muikumbuke safari siku baada ya siku, wewe ukiandika kwa mwandiko wako huo mzuri, hata zile siku mbili za kwa imamu. Juu ya karatasi muandike wazi kwamba imeandikwa baada ya kurudi, kwa kumbukumbu za watu wawili. Aende nayo kwa kamati pamoja na kijana, na kama nahodha yuko pwani, naye pia. Aseme: nilidai 165,000, nimekuta nilikosea, ni 153,000, na niko tayari kuapa. Wakimlipa, pika bila wasiwasi. Wakimpa pungufu, pika kwa hicho walichompa. Wakikataa kabisa, hasara hiyo ni ya mapatano yasiyo na kipimo, na ujira wake wa paa bado ni halali mikononi mwenu.

Na wewe, mwenyekiti wa kamati, ikiwa gazeti hili linafika nyumbani kwako, mvua zikiisha mtahitaji fundi wa sakafu. Mwambie shilingi ngapi kwa siku.

Mwezi ujao, inshaallah, tutajibu swali la msomaji wetu wa Kasulu juu ya mahari yaliyotajwa kwa ng'ombe na kulipwa kwa fedha.